Bibi anapokwenda Uswidi kumwona mjukuu

Jioni moja ya Septemba, vumbi la Zuzu likiwa bado halijatulia, bibi mmoja jirani yetu alifika nyumbani kwangu na bahasha mkononi. Binti yake, aliyeolewa mji wa Uppsala huko Uswidi, au Sweden kama wengi tulivyozoea kuiita, alikuwa na mimba ya miezi 6. Alitaka mama yake awe karibu atakapojifungua mwezi wa Desemba.

“Mwanangu nesi,” aliniambia, “nimekuja unieleze nibebe nini.”

Tulikaa tukazungumza mpaka taa zikawashwa. Tulikumbuka mengi: soksi, kitenge cha kubebea mtoto, hata sindano na uzi. Jambo moja ambalo mimi, muuguzi, nilipaswa kulisema kwanza nililisahau. Bibi huyu ana shinikizo la damu na humeza vidonge kila siku. Aliviweka kwenye begi kubwa, na begi hilo likachelewa siku 3 njiani. Alipofika Uppsala hakuwa na kidonge hata kimoja. Siku ya tatu kichwa kilimgonga, wakampima, wakakuta 190 kwa 110. Mungu ni mwema, alitibiwa akapona. Lakini tangu siku ile, kila mama wa usharika wetu anayesafiri kwenda kwa watoto ughaibuni namwita kwanza, tunakaa, tunapitia mambo haya moja moja.

Makaratasi

Mpenzi msomaji, safari ya namna hii huanza miezi 5 au 6 kabla. Pasipoti huombwa Uhamiaji, na utahitaji kitambulisho cha Taifa na cheti cha kuzaliwa. Hapo ndipo akina mama wengi tunakwama, kwa kuwa jina la ubatizo liko huku, la ukoo wa baba kule, na la mume mahali pengine. Kama majina yako hayalingani, anza kuyashughulikia leo, usingoje tiketi.

Uswidi ni moja ya nchi 29 za Ulaya zinazotumia viza moja inayoitwa Schengen. Viza ya kutembelea hairuhusu zaidi ya siku 90 katika kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote huhesabiwa. Ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, nayo hairudishwi hata ukinyimwa viza. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Pasipoti iwe na kurasa 2 tupu, na iwe bado hai kwa miezi 3 baada ya siku utakayoondoka huko. Utatakiwa pia bima ya safari ya kulipia matibabu yasiyopungua euro 30,000. Usiione bima hiyo kuwa karatasi tu, maana mgeni asiye na bima hulipa matibabu kwa bei kamili.

Mwanao naye ana kazi ya kufanya: hujaza fomu ya mwaliko ya Idara ya Uhamiaji ya Uswidi na kuonyesha kwamba anaishi huko. Wewe unapaswa kuonyesha kwamba utarudi. Beba cheti cha ndoa, barua ya mwajiri kama umeajiriwa, karatasi za shamba au nyumba, na taarifa ya benki. Nimesikia wapo wanaoazima fedha wakaziweka benki kwa wiki moja ili taarifa ionekane nzuri. Msifanye hivyo. Wanaosoma taarifa hizo wamekwisha kuziona nyingi, na fedha inayotokea ghafla huharibu maombi ambayo pengine yangekubaliwa. Ukinyimwa utapewa sababu kwa maandishi, na unayo haki ya kukata rufaa.

Saa ya tiketi

Hapa nawaomba msome taratibu. Tiketi haihesabu saa kama sisi. Saa zake huanza usiku wa manane na kwenda mpaka 24. Ukiona 14:20, toa 6, unapata saa 8 na dakika 20 mchana. Ukiona 03:35 ni saa 9 na dakika 35 za usiku. Sasa sikiliza vizuri: tarehe ya tiketi nayo hubadilika usiku wa manane. Ndege ya tarehe 12, saa 03:35, unaifuata uwanjani usiku wa tarehe 11! Yuko mama aliyefika tarehe 12 jioni, amevaa vizuri, na watu watano wa kumsindikiza. Ndege ilikwisha kuondoka alfajiri.

Kutoka Dodoma siku hizi tuna treni ya umeme, iliyozinduliwa Agosti 2024, na Dar es Salaam si safari ya kutwa nzima tena. Hata hivyo, lala Dar es Salaam usiku mmoja kabla. Hakuna ndege ya moja kwa moja hadi Stockholm. Utabadilisha Addis Ababa, Istanbul, Doha au Amsterdam. Ukipitia Amsterdam, pasipoti itakaguliwa hapo hapo, kwa kuwa umekwisha kuingia katika zile nchi 29. Tangu Oktoba 2025 nchi hizo zimeanza kuchukua mpakani picha ya uso na alama za vidole, na kompyuta ndiyo inayohesabu siku zako. Weka mkononi barua ya mwaliko, anwani na namba ya simu ya mwanao, vyote katika karatasi moja.

Njiani, kila baada ya saa moja au mbili simama utembee kidogo, na unywe maji. Kukaa muda mrefu bila kusogeza miguu kunaweza kugandisha damu kwenye mishipa ya mguu, hasa kwa mwenye umri, mnene, au aliyefanyiwa upasuaji hivi karibuni. Wengi hawanywi maji kwa kuogopa choo cha ndege. Choo kile ni salama, ila mlio wake unashtua.

Mkoba wa mkononi

Dawa zote za siku zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi, katika pakiti zake, pamoja na barua ya daktari yenye jina halisi la dawa na kipimo chake. Jina la duka halitoshi, kwa sababu kidonge kile kile kule kinaweza kuitwa jina jingine. Dawa za maji zinazozidi mililita 100 zinahitaji barua hiyo hiyo ukaguzini.

Na zawadi? Najua hakuna bibi anayekwenda kwa mjukuu mikono mitupu. Lakini nyama na maziwa kutoka kwetu haviruhusiwi kuingia nchi za Umoja wa Ulaya, hata kidogo. Hii ina maana nyama kavu ibaki, samli ibaki, jibini ibaki. Mboga na matunda mabichi hukataliwa bila cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, ndizi, nazi na tende. Dagaa wakavu wanaruhusiwa, na asali isiyozidi kilo 2. Usipokee kifurushi cha mtu usichokifungua mwenyewe. Mirungi, ambayo baadhi ya majirani zetu huiona kama majani tu, imepigwa marufuku Uswidi tangu mwaka 1989.

Giza la mchana

Sisi Dodoma jua huchomoza na kuzama karibu saa zile zile mwaka mzima. Stockholm mwezi wa Desemba kunapambazuka karibu saa 3 asubuhi, na jua huzama kabla ya saa 9 alasiri. Mwezi wa Juni ni kinyume: jua huzama saa 4 usiku na kurudi saa 9 na nusu. Bibi wetu wiki ya kwanza alikuwa akiamka kupika uji katikati ya usiku. Giza hilo huleta unyonge wa moyo, wala si kukosa imani. Toka nje kila siku saa za mwanga, hata nusu saa tu.

Koti moja zito halitoshi. Vaa nguo juu ya nguo, ya ndani ikiwa ya sufu. Nunueni huko, au mwanao aazime kwa marafiki, kwa maana makoti ya mitumba tunayoyapata hapa mengi hayakutengenezwa kwa baridi ile. Kinachovunja akina mama ni barafu. Yapo meno ya chuma ya kuvalisha chini ya kiatu, bei yake ni ndogo. Yanunuliwe siku ya kwanza. Mfupa wa nyonga ukivunjika ukiwa na miaka 60, safari imegeuka kuwa kitu kingine. Na usisahau mafuta ya mgando, ngozi hukauka mno.

Fedha taslimu hazina kazi kubwa. Maduka mengi hayapokei noti, na basi za Stockholm pia hazipokei. Watu hulipa kwa kadi. Maji ya bomba yanywe bila kuchemsha. Viatu huvuliwa mlangoni.

Nyumbani kwa mwanao

Sehemu hii ndiyo yenye machozi. Mjukuu mkubwa wa bibi yetu ana miaka 5. Siku moja kwenye uwanja wa michezo alimwaga chakula makusudi, na bibi akainua kiganja, kama ambavyo wengi wetu tungefanya. Binti yake aliudaka mkono ule hewani. Uswidi ilikuwa nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku kabisa kumchapa mtoto, mwaka 1979. Kofi moja linaweza kuwaleta watu wa ustawi wa jamii mlangoni, na wanaohojiwa ni wazazi. Bibi aliniambia alilia usiku ule, akijiona amegeuzwa mtu mbaya mbele ya mjukuu. Binti naye alilia. Walikuwa hawajawahi kulizungumza kabla. Lizungumzeni kwenye simu, kabla ya tiketi kukatwa.

Yapo mengine yatakayokushangaza. Utakuta mtoto mchanga amelazwa nje kwenye kigari wakati wa baridi, amefunikwa vizuri, anasinzia. Ndiyo desturi yao. Utamkuta mkwe wako yuko nyumbani anabadilisha nepi, kwa kuwa sheria inawapa wazazi siku 480 za likizo kwa kila mtoto, na siku 90 kati ya hizo ni za baba tu. Mwache abadilishe, mama. Watoto wote hupewa matone ya vitamini D kila siku, na wenye ngozi nyeusi kama wetu huendelea nayo kwa miaka zaidi, kwa vile jua ni kidogo na ngozi yetu huhitaji jua zaidi kuitengeneza.

Na ile asali uliyobeba ni ya mama mzazi. Mtoto asiyetimiza mwaka 1 asilambishwe asali hata kwa ncha ya kidole, iwe ya Manyoni au ya duka, kwani inaweza kuwa na vijidudu vinavyolegeza misuli yake hadi ashindwe kupumua. Hilo nalisema kama muuguzi, na ni kweli hapa Zuzu kama ilivyo Uppsala.

Ukiugua

Namba ya dharura ni 112. Kwa ushauri ambao si wa dharura, mwanao apige 1177, hupokea wauguzi. Dawa za kuua vijidudu hazinunuliwi dukani bila cheti cha daktari. Ukipata homa, kabla ya neno lingine lolote sema umetoka Tanzania na uombe upimwe malaria. Daktari wa kule huenda hajamwona mgonjwa wa malaria mwaka mzima, na atafikiri ni mafua. Malaria uliyoumwa na mbu wa hapa inaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kuondoka.

Bibi yetu alirudi mwezi wa Machi, siku ya 84, na vidonge vyake mkobani. Sasa ni zamu ya binti kuja na watoto mwezi wa Julai. Watoto hao hawana kinga ya malaria kama wetu, kwa hiyo nimemwomba aongee na daktari wake mapema kuhusu dawa za kuzuia. Chandarua bibi amekwisha kununua, cha bluu, na amekitundika tayari.