Kengele ya Hofu: Tiba ya Mama Aliyeathirika kwa Heroini na Mtoto Wake

Mtoto wa mama aliyekuwa akitumia heroini wakati wa ujauzito, mara azaliwapo, huweza kuonekana kama watoto wengine. Pengine uzito wake ni mdogo kidogo, lakini hulia, hunyonya na kulala. Kabla haijatimia siku moja, au baada ya siku mbili tatu ikiwa mama alikuwa akinywa methadoni, mambo hubadilika. Kilio huwa chembamba na kikali, mikono hutetemeka, mtoto hupiga chafya na miayo mfululizo, hutoka jasho, huharisha, na akipewa titi hulishika kwa pupa kisha hulipoteza. Watumiaji wa heroini wa pwani yetu wana jina la hali hii: arosto. Mtoto huyu hakuionja dawa kwa hiari yake. Ilimfikia kwa njia ya kondo la nyuma, na kitovu kilipokatwa, nayo ikakatika.

Mwaka 1975 Daktari Loretta Finnegan na wenzake wa Philadelphia, Marekani, walitoa jedwali la kupima dalili hizo kwa alama. Lilikuwa msaada mkubwa, kwani kabla yake kila muuguzi alipima kwa jicho lake. Lakini katika hospitali nyingi desturi iliyojengeka baadaye ilikuwa hii: mtoto anapelekwa katika chumba cha uangalizi maalumu chenye taa kali na milio ya mitambo, anahesabiwa alama kila baada ya saa chache, na alama zikipanda anapewa mofini kwa majuma kadhaa. Mama alikuja kumtazama kama mgeni. Ilidhaniwa kwamba yeye ndiye chanzo cha ugonjwa, na chanzo cha ugonjwa huwekwa mbali na mgonjwa.

Ili kufahamu kosa lililokuwamo katika fikira hiyo, yatupasa kwanza kuutazama ubongo.

Wanafunzi waliokwisha kusoma habari za homoni watakumbuka kwamba mtu akikabiliwa na hatari, ubongo hupeleka amri kwa tezi ya pituitari, nayo huziamuru tezi za adrenali zilizo juu ya figo kumwaga kortisoli katika damu. Njia nyingine ni ya haraka zaidi. Ndani ya shina la ubongo mna kituo kidogo sana chenye rangi ya samawati, ambacho kwa Kilatini huitwa locus coeruleus, yaani mahali pa samawati. Seli zake ni makumi ya maelfu tu, kiasi kidogo mno katika ubongo wenye mabilioni ya seli, lakini nyuzi zake zimetambaa karibu kila pembe ya ubongo. Kazi yake ni kutoa noradrenalini. Kituo hiki kikiamka, moyo huenda mbio, jasho hutoka, usingizi hukimbia na macho hutafuta adui. Tunaweza kukiita kengele ya hofu.

Juu ya seli za kengele hiyo vimo vipokezi vya afyuni. Heroini ikiingia mwilini hugeuka kuwa mofini, hushika vipokezi hivyo, na kengele hunyamaza. Mtu anapotumia kila siku, seli hujirekebisha: hujikaza zaidi ili zifanye kazi ijapokuwa zimekandamizwa. Siku dawa ikikosekana, kandamizo huondoka ghafula na seli zilizojikaza hulia zote kwa pamoja. Hapo ndipo zinapotoka sehemu kubwa ya dalili za arosto: mtetemeko, jasho, mapigo ya moyo, kukosa usingizi. Kwa maneno mengine, mwili ulio katika arosto na mwili ulio katika hofu kuu vinapita njia moja.

Sasa tumfikirie mwanamke ambaye kengele yake ilikwisha kuharibika kabla hajaiona heroini. Mwaka 1998 Daktari Vincent Felitti, Daktari Robert Anda na wenzao walitangaza matokeo ya uchunguzi walioufanya San Diego, Marekani, kwa watu wazima 9,508. Waliwauliza juu ya mambo yaliyowapata utotoni: kupigwa, kunajisiwa, kutukanwa, kumwona mama akipigwa, kuishi na mlevi au mfungwa. Wale waliopatwa na aina nne au zaidi za mikasa hiyo walikuwa na hatari ya ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua iliyo kubwa mara 4 hadi 12 kuliko wale ambao hawakupatwa na hata moja. Uchunguzi wa namna hii hauwezi peke yake kuthibitisha kwamba jambo moja limeleta jingine. Hata hivyo, ukiyaweka matokeo hayo kando ya maarifa ya ubongo, sababu yaonekana. Mtoto aliyekaa miaka katika nyumba ya vitisho hukua na kengele inayolia kwa jambo dogo: mlango uliofungwa kwa kishindo, hatua za mtu nyuma yake, harufu fulani. Jeraha hili la nafsi ndilo waganga wa akili wanaloliita kiwewe. Msichana wa namna hiyo akikutana na dawa inayoinyamazisha kengele kwa saa nne au sita, si ajabu akairudia.

Ndiyo maana mabingwa walianza kusema kwamba mgonjwa huyu asiulizwe ana kasoro gani, bali aulizwe amepatwa na nini. Mwaka 2014 idara ya serikali ya Marekani inayoshughulikia uraibu na afya ya akili ilitoa mwongozo juu ya huduma inayozingatia kiwewe. Msomaji asidhani kwamba maana yake ni kumlazimisha mama asimulie yaliyompata. Hasha, kusimulishwa bila maandalizi kwaweza kumrudisha palepale. Maana yake ni kuyachunguza mambo ya kawaida ya kliniki. Tuchukue kipimo cha mkojo. Ili kuzuia udanganyifu, vituo vingi humtaka mgonjwa akojoe mbele ya mtumishi. Kwa mwanamke aliyewahi kunajisiwa, kuvua nguo mbele ya mtu asiyemjua, kwa amri, ni kengele tupu. Kadhalika kuguswa wakati wa uchunguzi wa mimba bila kuelezwa kwanza, au kupanga foleni ya dawa pamoja na mwanamume aliyempiga juzi. Mama hutoka hapo akitetemeka, na mwili wake unajua dawa ya mtetemeko ule inauzwa wapi. Watumishi kisha huandika katika faili: mgonjwa ameacha tiba.

Je, njia hii imepimwa? Kati ya mwaka 1998 na 2003 Wamarekani waliifanyia majaribio katika vituo 9, kwa wanawake zaidi ya 2,000 waliokuwa na uraibu, ugonjwa wa akili na historia ya kupigwa au kunajisiwa. Tofauti kati yao na waliopata huduma ya kawaida haikuwa kubwa, na ni vema tuseme hivyo waziwazi. Lakini ilionekana, hasa mahali ambapo ushauri juu ya kiwewe na ushauri juu ya uraibu ulitolewa kwa pamoja badala ya kila mmoja kwa idara yake.

Matokeo makubwa zaidi yalitoka upande wa mtoto. Katika hospitali ya watoto ya Yale, mjini New Haven, Daktari Matthew Grossman na wenzake waliacha kumhesabia mtoto alama nyingi, wakauliza mambo matatu tu: Je, anakula? Je, anaweza kulala saa moja bila kusumbuka? Je, akibembelezwa hutulia ndani ya dakika kumi? Mtoto hakupelekwa tena katika chumba cha mitambo. Alilala na mama yake katika chumba chenye mwanga hafifu, akapakatwa ngozi kwa ngozi, akanyonyeshwa kila alipotaka. Mofini ilitolewa pale tu mambo hayo yaliposhindwa. Taarifa yao ya mwaka 2017 ilieleza kwamba wastani wa siku za kulazwa kwa watoto ambao mama zao walitumia methadoni ulishuka kutoka 22.4 hadi 5.9, na waliopewa mofini walishuka kutoka asilimia 98 hadi 14. Kwa kuwa mabadiliko mengi yalifanywa kwa pamoja, wapo waliotia shaka. Lakini mwaka 2023 jaribio lililofanywa katika hospitali 26 za Marekani, kwa watoto 1,305, lilionyesha kwamba kwa njia hii watoto walikuwa tayari kwenda nyumbani baada ya siku 8.2, badala ya 14.9.

Linganisha sasa miili hiyo miwili iliyo katika kitanda kimoja. Mtoto anatetemeka kwa sababu kengele yake imefunguliwa ghafula. Mama anatetemeka kwa sababu yake haijapata kufungwa sawasawa tangu utotoni. Kupakata na kunyonyesha hutoa oksitosini, homoni ambayo hupunguza mwitiko wa hofu. Anayembembeleza naye anabembelezwa. Kumbe ile desturi ya kuwatenganisha iliwanyima wote wawili dawa ambayo kila mmoja alikuwa nayo kwa ajili ya mwenzake, na juu ya hayo ikamwongezea mama kiwewe kipya.

Huku kwetu jambo hili si la kigeni. Heroini imekuwamo katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki tangu miaka ya 1980. Mwezi Februari 2011 kliniki ya methadoni ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na nchini Kenya tiba hiyo ilianza mwaka 2014. Methadoni hushika vipokezi vilevile, lakini hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, hivyo kengele haipandi na kushuka mara nne kwa siku. Kwa mama mjamzito ni salama kuliko kuacha ghafula, kwani arosto kali yaweza kuleta uchungu kabla ya wakati na mara nyingi humrudisha mama kwenye heroini. Methadoni kidogo tu hupita katika maziwa, na kwa kawaida mama aliyeimarika katika tiba hushauriwa anyonyeshe. Mwenye virusi vya UKIMWI hufuata mwongozo wa dawa zake.

Pamoja na hayo, wanawake wanaofika katika kliniki hizo wamekuwa wachache mno kuliko wanaume, na nyumba nyingi za upataji nafuu zilianzishwa kwa ajili ya wanaume. Teja wa kike hutukanwa mara mbili, kama mtumiaji na kama mama. Mwalimu anayesoma makala hii huenda anaye darasani mtoto wa mwanamke kama huyo, anayeruka kila dawati linapoanguka.

Dozi ya methadoni ya mama hulazimika kuongezwa katika miezi ya mwisho ya ujauzito, kwa sababu mwili huiyeyusha upesi zaidi, na kutazamwa upya baada ya kujifungua. Mgonjwa anayeanza tiba huinywa mbele ya muuguzi, kila siku. Basi mama wa mtoto wa siku kumi hupanda daladala asubuhi akiwa amembeba, husimama katika foleni ya wanaume, hunywa dozi yake, na kabla ya kurudi hutafuta kiti chenye kivuli, mahali ambapo hatatazamwa, ili amnyonyeshe mtoto.