Kidonda cha Mti Hakifutiki

Msimu wa UE uliopita, tawi la mwarobaini lilidondoka usiku juu ya kimbweta tunachosomea. Saa mbili kabla yake tulikuwa watano pale. Asubuhi nilimkuta mzee anayetunza miti ya chuo akilikatakata. Nikamwamkia, nikamuuliza: tawi bichi hivi, lina majani tele, limevunjikaje?

"Mwanangu, huu mti ulikatwa kichwa," akanijibu.

Nikakumbuka. Nikiwa mwaka wa kwanza, kabla ya mahafali, waliletwa vijana na misumeno wakaufyeka mpaka vikabaki vigutu vitupu. Ulipochipua, sote tukasema umepona.

Kumbe hapo ndipo tunapokosea wengi. Ngozi yako ikikatika, mwili hutengeneza ngozi mpya palepale. Mti hauwezi. Sehemu iliyooza haigeuki kuwa nzima tena. Unachofanya mti ni kujenga kuta ndani kwa ndani ili uozo usisambae, kisha kuota tabaka jipya juu ya jeraha. Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, alipasua maelfu ya miti ili aone jambo hili, na mwaka 1977 yeye na mwenzake wakachapisha maelezo yake.

Sasa, kigutu kilichokatwa katikati ya tawi ni kigumu kufunikika, kwa hiyo uozo huingia. Na machipukizi yake hushika tabaka za nje tu, karibu na gome, tofauti na tawi la asili lililojengeka pamoja na shina tangu mwanzo. Yanakua haraka, yanakuwa mazito, halafu upepo kidogo tu, chini!

Mzee alinielekeza inavyotakiwa. Kama tawi ni lazima liondoke, tafuta uvimbe pale linapoungana na shina. Huo usiuguse, maana ndipo mti unapojikinga. Tawi zito hukatwa mara tatu. Kwanza unakata kwa chini kidogo, kama sentimita 30 kutoka kwenye shina, ili gome lisichanike. Pili unakata kwa juu, mbele kidogo ya hapo, uzito wote uanguke. Mwisho unaondoa kigutu, nje kidogo tu ya uvimbe. Kupaka rangi kwenye kidonda hakuzuii uozo.

"Kazi hii nusu ni kukata, nusu ni kukataa kukata," aliniambia.

Nilimuuliza kama siku ile ya vijana wa misumeno aliulizwa chochote. Akacheka tu.

Mwarobaini wetu utaangushwa likizo hii, umeoza ndani. Mahafali mengine yanakuja, na miembe ya upande wa maktaba bado mizima. Naomba wawakilishi wetu wafike ofisini mapema na swali moja: mzee ameshaulizwa?