Mzazi na Macho ya Watu: Mimba, Malezi na Kazi za Nyumbani Peckham

Peckham ni mtaa wa kusini-mashariki mwa London, katika manispaa ya Southwark. Kwa zaidi ya karne moja umekuwa makazi ya watu wengi wa kipato kidogo: kwanza wafanyakazi wa Kiingereza, kisha watu wa visiwa vya Karibi, na baadaye Waafrika wa Magharibi, hasa Wanigeria, ambao maduka yao yamejaa barabara ya Rye Lane. Mila za watu hawa hazifanani, ila jambo moja limedumu: heshima ya mwanamke hupimwa kwa mimba yake, watoto wake na usafi wa nyumba yake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 kipimo cha kwanza kilikuwa kizingiti. Mwanamke alipiga magoti akakisugua kwa jiwe jeupe, kwani kizingiti kichafu kilitangaza kwamba ndani mna mke mzembe. Jumatatu ilikuwa siku ya kufua, na aliyechelewa kuanika alisemwa. Mume hakuguswa na lawama hizo, hata akiwa hana kazi.

Mimba nayo ilikuwa na miiko yake, na haikutajwa mbele ya watoto. Katika mitaa ya Southwark mzazi hakutakiwa kuingia nyumba ya mtu kabla ya kwenda kanisani kufanyiwa ibada ya shukrani ya waliojifungua, iliyomo katika Kitabu cha Sala cha Kanisa la Uingereza cha mwaka 1662. Aliyekiuka aliaminiwa kuleta nuksi. Waswahili hawaoni jambo hili kuwa geni, maana kwao mzazi hukaa ndani hadi arobaini. Lakini arobaini humpa pia nafasi ya kupumzika, kukandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Mwanamke maskini wa London aliwekewa mwiko, ila mara nyingi ndoo na jiko vilimsubiri palepale. Aliyezaa nje ya ndoa alihukumiwa zaidi. Baadhi ya familia zilificha aibu kwa bibi kumlea mtoto kama wake, naye akakua akimwita mama yake mzazi dada.

Hukumu nyingine zilitoka kwa wakubwa. Mwaka 1906 daktari George Newman aliandika kitabu kuhusu vifo vya watoto wachanga, akautaja ujinga wa akina mama kuwa sababu kubwa. Kati ya 1909 na 1913 wanawake wa Chama cha Fabian, chama cha wasoshalisti, walizitembelea familia za Lambeth, eneo lisilo mbali na Peckham, zilizoishi kwa takriban pauni moja kwa wiki, wakahesabu kila senti iliyotumika. Mmoja wao, Maud Pember Reeves, alichapisha matokeo mwaka 1913. Akina mama walijua kwamba maziwa yanamfaa mtoto, ila hawakuwa na fedha za kuyanunua. Chakula kilipopungua, mama ndiye aliyejinyima kwanza.

Peckham yenyewe ilipata jaribio lake. Madaktari George Scott Williamson na Innes Pearse walianzisha Kituo cha Afya cha Pioneer mwaka 1926, na mwaka 1935 kikafunguliwa katika jengo jipya la vioo lililosanifiwa na Owen Williams, lenye bwawa la kuogelea katikati. Familia ililipa shilingi moja kwa wiki, na iliyopokelewa ilitakiwa kuishi umbali ambao mama angeweza kuumudu akisukuma kigari cha mtoto. Wajawazito walipata ushauri, watoto waliangaliwa mama anapoogelea au kuzungumza na wenzake, na maziwa yalitoka shamba la kituo. Wengi waliopimwa walikutwa na maradhi ambayo hawakuwa wakiyatibu, yakiwemo ya upungufu wa damu. Kwa jicho la jirani, mwanamke mwenye hali hiyo angeitwa mvivu. Hata hivyo, kituo kilipokea familia tu, na mke alihesabiwa humo kama nguzo ya nyumba. Kilifungwa mwaka 1950.

Wanigeria walikuja na vipimo vyao. Mwanamke wa Kiyoruba akishazaa huitwa kwa jina la mwanawe, Iya fulani, kama Waswahili wanavyosema Mama fulani. Ni heshima kubwa, na kwa sababu hiyo asiyejaliwa mtoto hubaki akiulizwa kila penye sherehe. Mtoto hupewa jina siku ya nane. Waigbo wana omugwo, desturi ya bibi kuja kumwogesha mzazi, kumpikia supu ya pilipili na kumlea mjukuu. London, bibi huhitaji viza na nauli, na asipopata, mzazi hubaki peke yake na mtoto. Mume akiosha vyombo, ndugu husema mke amemweka kiganjani. Mke akirudi kazini mapema huambiwa amemtupa mtoto. Akikaa nyumbani huambiwa anamtegea mume.

Hospitalini pia kuna hukumu. Ripoti ya kitaifa ya mwaka 2019 ilionesha kwamba wanawake weusi wa Uingereza walikufa kwa sababu za ujauzito na uzazi mara tano zaidi ya weupe. Pengo hilo limepungua baadaye, lakini halijaisha. Wanawake weusi wengi wameeleza kwamba walipolalamikia maumivu hawakuaminiwa.

Mfano wa kinyume ulikuwepo Peckham. Kuanzia 1997 hadi 2009 wakunga wa kikundi cha Albany waliwahudumia wanawake zaidi ya 2,500 wa eneo hilo. Kila mjamzito alikuwa na wakunga aliowajua kwa majina tangu mwanzo, nao walimfuata nyumbani kuzungumza na jamaa zake kabla ya siku kufika. Aliweza kuamua mahali pa kuzalia hata uchungu ukiwa umeshaanza, na zaidi ya wanne katika kila kumi walizaa nyumbani.

Kilichomfaa mama wa Peckham katika nyakati zote hizi ni maziwa, mapumziko, mkunga anayemjua na mikono ya kumpokea mtoto. Hukumu za majirani, ndugu na wakubwa hazijamlisha mtoto hata mmoja.