Moshi: Kipimamwendo kinasema 65, jicho linabisha

MKIMBIAJI wa Kilimanjaro Marathon anapoanza kupanda barabara ya Mweka hujua kwamba mapafu hayatampa kile alichozoea Dar es Salaam. Ndege ndogo nayo ni hivyohivyo, ila mkimbiaji akichoka anatembea. Rubani hana nafasi hiyo.

Uwanja wa ndege wa Moshi uko kama futi 2,800 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa jua kali, joto likifika nyuzi 30, hewa yake inakuwa nyepesi kama ya uwanja ulio juu ya futi 5,200. Injini haisomi ramani, inavuta hewa iliyopo. Cessna 172S, ndege ya kujifunzia inayojulikana dunia nzima, ina nguvu za farasi 180 pale pwani. Moshi saa nane mchana inabaki na kama 150.

Kwa hiyo kazi inaanza kabla ya kuondoka. Mafuta yaleyale yakikutana na hewa kidogo, injini inakosa raha. Rubani anatia moto wote ndege ikiwa imesimama, kisha anapunguza mafuta taratibu mpaka pangaboi lizunguke kwa kasi ya juu kabisa. Kitabu cha ndege hiyo kinataka hivyo kwa viwanja vilivyo juu ya futi 3,000. Kwa ramani Moshi haijafika, kwa joto imeshapita.

Mlima haukimbiwi

Akishapaa, anachagua. Noti 74 (noti moja ni kilomita 1.85 kwa saa) zinampa kimo kikubwa kwa kila dakika. Noti 62 zinampa kimo kikubwa kwa umbali mfupi, pale penye miti mbele. Hizo ni hesabu za pwani. Kwenye futi 10,000 zinakuwa 72 na 67, yaani zinasogeleana, na nafasi ya kukosea inabanwa.

Tatizo la kuelekea Machame au Marangu ni kwamba ardhi nayo inapanda. Rubani anaona migomba inakaribia, mkono unavuta pua, mwendo unakufa na moto wa kuongeza haupo. Hapo dawa ni kugeuka mapema kuelekea kusini, kwenye miwa ya TPC, na bila kulaza ndege sana. Mbawa zinazoacha kubeba kwenye noti 48 ndege ikiwa sawa, zinaacha kwenye 68 ikilazwa nyuzi 60.

Kuvuka kilele ndiyo kabisa. 172S inaishia futi 14,000, chini ya kibanda cha Kibo. Mswisi Walter Mittelholzer, aliyeruka juu ya Kilimanjaro Januari 8, 1930, alikuja na Fokker ya injini tatu.

Jicho linapodanganya

Lakini mtihani wenyewe uko kwenye kutua. Flapu zikiwa chini, kitabu kinataka noti 60 hadi 70. Rubani akishika 65 mchana wa Moshi, ndege kwa kweli inakata hewa kwa noti 70. Ardhi inapita mbio kuliko alivyozoea pwani, na jicho linamwambia: mzee, punguza.

Akilitii akavuta pua, kipimamwendo kinashuka 60, 55, 50, huku yeye bado anajiona yuko kasi. Mbawa hazijui mwendo wa ardhi. Zinajua hewa inayozipiga, na hiyo ndiyo kipimamwendo kinapima. Akiona anashuka mno, anaongeza moto na kuiacha 65 palepale.

Bei yake inalipwa chini: magurudumu yanagusa kwa kasi zaidi, na bila upepo wa mbele ndege inakula uwanja kama asilimia 17 zaidi ya pwani kabla ya kusimama. Ndiyo maana urefu wa uwanja unahesabiwa asubuhi, kabla mafuta hayajajazwa.