Samaki wa Lualaba Ndani ya Bakuli la Kioo

"Mjomba, njoo uone, wanaongea!"

Mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa amepiga magoti mbele ya bakuli la kioo. Ndani yake mlikuwa na samaki saba wadogo wa rangi ya fedha, aliowachota kwa kipande cha chandarua kando ya Lualaba, upande wa Alunguli, pamoja na kambale mmoja mchanga, mweusi, mrefu kama kidole changu cha kati. Wale saba walikuwa wamepanda juu wote, midomo imegusa uso wa maji, inafunguka na kufumba bila kupumzika. Hawakuwa wanaongea. Walikuwa wanakosa pumzi. Kulipokucha, sita walikuwa wanaelea matumbo juu, na wa saba akawafuata kabla ya saa sita mchana. Kambale alikuwa ametulia chini, ndevu zake zikipapasa kioo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiulizwa na majirani kama samaki mdogo anaweza kuishi vizuri ndani ya bakuli. Swali ni zuri, na jibu lake linaanzia kwenye hewa.

Lita moja ya hewa tunayovuta hapa Kindu ina takriban miligramu 270 za oksijeni. Lita moja ya maji yenye joto la nyuzi 25, hata yakiwa yameshiba hewa, hubeba kama miligramu 8 tu. Samaki basi anapumua kitu kilicho haba zaidi ya mara 30 kuliko chetu. Bakuli likikaa dirishani saa nane mchana na maji yakafika nyuzi 30, oksijeni inashuka hadi miligramu 7 na nusu, na wakati huohuo mwili wa samaki, ambao joto lake ni lile la maji, unadai zaidi. Mtoni maji yanatembea, yanapinduka, yanapiga miamba na kujazwa hewa upya. Ndani ya bakuli hewa ina mlango mmoja tu, nao ni uso wa maji.

Nilichukua rula. Bakuli letu ni la mviringo kama mpira, upana wake sentimita 24. Likijazwa nusu, uso wa maji una sentimita za mraba 450 hivi. Lakini nani hulijaza nusu? Tunamimina hadi karibu na mdomo kwa sababu linapendeza hivyo, na pale juu upana wa maji umebaki sentimita 18, uso umeshuka hadi 250. Maji yameongezeka karibu maradufu, mlango wa hewa umebaki nusu na kidogo. Kisha nikapima basini ya plastiki ya kufulia nguo, yenye upana wa sentimita 50: karibu sentimita za mraba 2,000. Chombo tunachokiacha uani kinampa samaki mlango mpana mara nane kuliko kile tunachokipamba sebuleni.

Wachina, waliomfuga samaki wa dhahabu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, walimweka katika mabwawa na baadaye katika mitungi mipana ya udongo, wakimtazama kutoka juu. Bakuli la kioo lilikuja baadaye sana. Samaki huyo, akitunzwa, hupita sentimita 20 na kuishi miaka kumi na zaidi, na huko Italia mji wa Monza ulipiga marufuku kumfungia kwenye bakuli la mviringo mwaka 2004, Roma ikafuata mwaka 2005.

Na kambale wetu, mbona hakufa? Juu ya matamvua yake ana viungo vyenye matawi, mfano wa kichaka kidogo chekundu, ambavyo humwezesha kuchukua oksijeni katika hewa anayoimeza juu ya maji. Kamongo amekwenda mbali zaidi: ana mapafu, na ukimzuia kufika juu anakufa maji kama mtu. Katika vinamasi vya bonde la Kongo wamo pia samaki wa jamii ya Ctenopoma, wenye kiungo cha namna hiyo kichwani, ndugu wa mbali wa yule samaki mpiganaji wa Thailand anayeuzwa duniani kote ndani ya vikopo. Wote wamezoea maji ambamo majani yanaoza na kumaliza oksijeni. Kwa hiyo wanavumilia bakuli, na sisi tunadhani wamelipenda.

Kuvumilia si afya. Siku ya nne kambale aliacha kula. Maji yalikuwa angavu kama machozi, lakini yalikuwa yameanza kuwa sumu, kwa sababu samaki hutoa sehemu kubwa ya taka zake kupitia matamvua, zikiwa amonia, na amonia haionekani. Mtoni inasombwa. Penye mchanga, mawe na mizizi wanaishi bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo bado ni hatari kwa damu ya samaki, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huila. Bakteria hao huhitaji wiki tatu hadi sita kuenea katika chombo kipya. Anayeosha bakuli lote kwa sabuni kila Jumamosi anawafukuza wafanyakazi wake na kuanza upya, kila wiki. Maji ya bomba nayo yana klorini. Yaache wazi kwenye ndoo siku nzima kabla ya kumimina.

Samaki wa Kongo wanafugwa Ulaya kwa mapenzi makubwa. Phenacogrammus interruptus, anayeng'aa rangi za upinde wa mvua, alipewa jina la kisayansi mwaka 1899, na wafugaji wake humtafutia tangi refu lenye pampu, kwa sababu huogelea kwa kundi na anahitaji mwendo. Huku kwetu pampu ingezimika kila umeme unapokatika. Ndiyo maana mimi natetea basini: pana, kivulini, samaki wachache.

Tuliweka yetu chini ya mwembe, na mchanga na mawe ya kijito, na mashina mawili ya gugumaji. Kambale alihamia humo kwanza, tukabadilisha robo ya maji kila baada ya siku mbili. Alipozidi urefu wa kiganja tulimrudisha Lualaba, maana angewameza wenzake wadogo, na kambale hukua hata kupita mita moja. Ndipo mpwa wangu akaleta samaki watatu wa fedha. Watatu, si saba. Viluwiluwi vya mbu vilivyokuwa vikicheza humo vilikwisha kwa siku mbili.

Jana alasiri, saa ya joto kali, nilimkuta amelala kifudifudi, kidevu juu ya ukingo wa basini. Samaki walikuwa katikati ya maji, chini ya mizizi ya gugumaji, hakuna hata mmoja aliyepanda juu.

"Leo wamenyamaza, mjomba," alisema, bila kuinua kichwa.