Vidonge vikishindwa, sikio bado lina nafasi

Mtu hulala mzima, akaamka sikio moja limekufa ganzi na linavuma kama redio iliyopoteza stesheni. Kisii na Nyamira, wengi hukimbilia duka la dawa, wakauziwa matone ya kulainisha nta. Wiki mbili zinakwisha hivyo.

Jaribu hili: funga mdomo, vumisha sauti. Ikielemea sikio bovu, huenda ni nta au usaha. Ikielemea sikio zima, shuku sikio la ndani au mshipa wa fahamu. Hata hivyo, jibu kamili hutolewa na kipimo cha usikivu.

Usikivu ukishuka ghafla, ndani ya saa 72, mara nyingi chanzo hakijulikani. Tiba ya kawaida ni vidonge vya steroidi kama prednisoloni, na vinafaa kuanzwa ndani ya wiki 2. Mwenye kisukari amwambie daktari mapema, kwani dawa hii hupandisha sukari.

Wapo wasiopona kwa vidonge, na wengi wao huambiwa wazoee tu. Sikubaliani na ushauri huo. Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani, uliosasishwa mwaka 2019, unataka mgonjwa ambaye hajapona vizuri apewe steroidi kwa sindano ya sikioni kati ya wiki 2 na 6 tangu tatizo lianze. Kiwambo cha sikio hutiwa ganzi, sindano nyembamba ikapita na kumwaga dawa nyuma yake, kisha mgonjwa akalala kwa muda sikio likitazama juu ili dawa ipenye hadi sikio la ndani. Hurudiwa mara kadhaa. Kwa kuwa dawa kidogo tu huingia kwenye damu, sukari haisumbuki sana. Kizunguzungu cha muda hutokea, na mara chache kiwambo hubaki na tundu. Si wote wanaorudishiwa usikivu, lakini baadhi hupata nafuu ya maana.

Dawa yenyewe si ya ajabu: deksamethasoni, ileile anayodungwa mama anayekaribia kujifungua kabla ya wakati. Kigumu ni kumpata mtaalamu kabla wiki hazijapita. Ipo pia tiba ya oksijeni ya shinikizo, lakini singemshauri mkulima wa Nyamira aitumie bonasi yake ya majani chai huko kabla ya kujaribu sindano.

Hata ukipona, uliza kuhusu picha ya MRI. Mara chache kuna uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa sikio. Na sikio likizimika leo, nenda leo hospitali ya rufaa ya Kisii au ya Nyamira, utaje siku lilipoanza, na uombe kuonwa na mtaalamu wa masikio.