Kumbe mtazamaji naye yumo kazini

Wahenga walinena kuwa mwana akibebwa hutazama kisogo cha nina. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, lakini nakiri kwamba darasani mwangu nimeikiuka mara kadha wa kadha. Mwanafunzi asiyeinua mkono nilimhesabu kuwa amelala macho wazi, nikampunguzia alama za ushiriki. Siku hizi nasita kufanya hivyo.

Sababu ya kusita kwangu imetoka maabara. Mwaka wa 1929, daktari Mjerumani Hans Berger alichapisha taarifa yake ya kwanza kuhusu mawimbi ya umeme wa ubongo yanayoweza kunaswa kichwani mwa binadamu. Mnamo 1954, Wafaransa Gastaut na Bert waliwafunga watu nyaya za kipimo hicho kisha wakawaonyesha filamu. Wimbi fulani ambalo hufifia mtu anapousogeza mwili wake lilififia pia alipoketi kimya akiwatazama wengine wakitenda. Naye Giacomo Rizzolatti na wenzake wa Parma, Italia, walieleza mwaka wa 1992 juu ya seli za ubongo wa tumbili zilizosisimka tumbili huyo aliposhika kitu, na vilevile alipomwona mtu akikishika. Seli hizo baadaye ziliitwa seli za kioo.

Leo wapo watafiti ambao, mbali na kuangalia nguvu ya wimbi, hupima uchangamano wake. Neno hili lisimtishe msomaji. Ni ndugu ya ile sentensi changamano ya shuleni. Mojawapo ya njia zao ilitokana na kazi ya Abraham Lempel na Jacob Ziv ya mwaka wa 1976. Wimbi hugeuzwa kuwa mfuatano wa alama mbili, kisha huhesabiwa ruwaza mpya zinazojitokeza humo. "Babababa" ya mtoto mchanga ina uchangamano mdogo, kwani ukishasikia silabi ya kwanza umezisikia zote. Masimulizi ya nyanya yake yana uchangamano mkubwa zaidi.

Hata hivyo, hapa ndipo mwanaisimu anapopaswa kutoa tahadhari. Herufi zilizomwagwa ovyo mezani zina uchangamano kushinda utungo wowote wenye vina na mizani, ilhali hazina maana yoyote. Kwa hivyo, kipimo hicho chaweza kutujuza kwamba ubongo wa mtazamaji umebadili mwenendo wake. Hakiwezi kutwambia ameelewa nini. Hata jina "kioo" lenyewe lapotosha: kioo hurudisha sura ya kila apitaye mbele yake bila ya kumfahamu yeyote.

Nayasema haya kwa sababu sisi Wakenya tunazipenda mno nambari. Mtoto kapata alama ngapi? Kawa wa ngapi? Haitashangaza siku moja akizuka mfanyabiashara mwenye kofia ya nyaya, akaahidi kumpima mwanao akili kwa dakika kumi. Mzazi, zifiche pesa zako. Ukitaka kujua mtoto aliyekutazama ukisonga ugali amejifunza nini, mkabidhi mwiko. Nami kesho nitamwita mbele yule kijana mkimya wa viti vya nyuma, nimpe chaki.